Ibara ya 13 ni moja, mbona hukumu zinapishana?

Tukiongelea usawa Tanzania wengi tunakimbilia ibara ya 13 ya Katiba ya 1977, watu wote ni sawa mbele ya sheria, basi tunaona yameisha. Ibara ni nzuri sana, ila kazi yake inategemea imeangukia mezani kwa jaji gani.

Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya, Mahakama Kuu Mwanza, alipata kesi ya mama wa Kihaya aliyeuza shamba aliloachiwa na baba yake, ndugu wakapinga kwa sababu mila ilimkataza mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Jaji akasema hapana, mwanamke atauza kwa masharti yale yale ya mwanaume. Na kipindi hicho neno jinsia lilikuwa hata halijaongezwa kwenye tafsiri ya ubaguzi, liliingia 2000!

Sasa njoo 2006. Wajane wawili wakapinga mila za mirathi, Mahakama Kuu ikakubali kabisa kwamba ni za kibaguzi lakini ikagoma kuzifuta, ikihofia kwamba mila za makabila yote zaidi ya 120 zitafuata njia hiyo hiyo.

Wanaoitetea hukumu hiyo wana hoja ya maana. Wanasema mila haiondoki kwa tamko la jaji, na sheria kutunga ni kazi ya Bunge, tena ukifuta tu bila kuweka kitu kingine familia zitagawanaje mali? Hapo nawaelewa. Ila Katiba yenyewe ina jibu, ibara ya 30(5) inaruhusu mahakama kuipa serikali muda irekebishe, kwa hiyo kuwaacha wale wajane mikono mitupu haikuwa lazima kabisa, na hilo linaniuma mpaka leo.

Njia hiyo ndiyo iliyotumika 2016 kwenye kesi ya Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, kuhusu Sheria ya Ndoa ya 1971 inayoruhusu binti wa miaka 15 aolewe wakati mvulana ni 18. Serikali ikapewa mwaka mmoja, ikakata rufaa, 2019 ikashindwa Mahakama ya Rufani, halafu mwaka ukapita bila marekebisho. Wapo wanaosema hii inaonyesha mahakama haina meno. Mi naona wanakosea pa kulaumu, maana ibara hiyo hiyo ya 30(5) inasema sheria inabaki halali mpaka irekebishwe au muda uishe, chochote kitakachotangulia. Muda uliisha. Anayemuozesha binti wa miaka 15 baada ya hapo anaegemea kifungu gani?