Kasi Si Kuwahi

Juzi hapa Lamu, gatini, nilimsikia fundi akimwambia mwenye boti, juu ya bodi ya kompyuta ndogo ya kuendeshea usukani: “Bodi hii ina gigahezi moja na nusu, bwana. Ya nini kuhangaika na mfumo endeshi wa wakati halisi? Weka Linux ya kawaida, unganisha usukani, nenda zako.” Hasira haijanitoka hadi leo.

Gigahezi, yaani kasi ya kompyuta, hazihusiki hapa. Mfumo wa wakati halisi hauahidi kasi, unaahidi kazi kukamilika kabla muda wake haujapita, kila mara. Linux ya kawaida, mfumo endeshi wa kompyuta za kila namna, hugawia programu zote muda: mara kadi ya kumbukumbu inaandikwa, mara mtandao unaamka, kazi ya usukani inangoja zamu. Mara nyingi itawahi. Nani apitaye mlango wa Mkanda maji yakipwa, mikoko huku na huku, anataka usukani unaowahi mara nyingi?

Tazameni njia ya CAN yenyewe, yaani nyaya mbili ambazo vifaa vya boti hupelekeana ujumbe. Vifaa vya boti vya NMEA 2000, kiwango cha mawasiliano ya vyombo vya majini, huongea kwa kilobiti 250 kwa sekunde, na ujumbe wa baiti 8 huchukua nusu milisekunde na kidogo. Vifaa viwili vikianza pamoja, chenye ujumbe wa namba ndogo hupita, kingine hungoja, na hakuna kinachoharibika. Kampuni ya Bosch, waliobuni CAN, waliifanya kazi hiyo vizuri sana miaka ya 1980. Lakini chipu ya MCP2515, ya kuunganisha bodi na njia ya CAN, inayofungwa sana kwenye bodi hizi, ina nafasi mbili tu za kupokelea. Njia ikijaa, bodi ikazubaa milisekunde chache, ujumbe unapotea. Dira imesema, na usukani haukusikia.

Basi wekeni FreeRTOS au Zephyr, mifumo endeshi ya wakati halisi, na kazi ya kusoma njia ipewe kipaumbele cha juu. Haya, PREEMPT_RT, nyongeza inayoipa Linux sifa za wakati halisi, imeingia rasmi kwenye Linux toleo la 6.12, mwaka 2024, nayo inafaa kwa mengi. Fundi yule hata hakuitaja.

Na nyaya jamani! Umeme ukiwa umezimwa, baina ya CAN-H na CAN-L, nyaya mbili za njia hiyo, mita isome kama omu 60, maana kila ncha ya njia ina rezista ya omu 120, na mbili sambamba ni 60. Kwenye boti ile nilisoma 120: ncha moja haikuwa na kitu, na skrubu zimeota kijani kwa chumvi.

Wenye boti za Pate na Faza, mnabeba watu. Fundi akileta bodi, mwambieni aijaze kazi kwanza, kisha awape namba ya ucheleweshaji mkubwa kabisa, si wastani. Asipokuwa nayo, usukani asiuguse.