Mantra za Kihindu na sisi tuliopitia madrasa

Juzi jamaa mmoja aliniambia, tena kwa kujiamini, kwamba Wahindu wanaimba mantra, yale maneno yao matakatifu ya kurudiarudia, bila kujua hata maana. Tulikuwa tunakunywa kahawa karibu na Kisutu, Dar es Salaam, kengele za hekaluni zinasikika hadi barazani. Nilimtazama nikacheka. Huyu bwana tulisoma naye madrasa moja. Alimaliza Juzuu Amma, sehemu ya mwisho ya Kurani, akiwa na miaka tisa, akachinjiwa mbuzi, watu wakala pilau, na siku ile ungemwuliza maana ya sura moja tu angetafuta mlango wa kutokea.

Mimi ni Mwislamu na sitafuti dini ya pili. Lakini katika watu wote wa mji huu, sisi tuliopitia madrasa ndio tulipaswa kuwa wa mwisho kuisema kauli ile.

Nilianza kazi kwa Kaka mwaka 1998, duka la khanga na vitenge Mtaa wa Uhuru. Jina lake silitaji. Kila mtu alimwita Kaka, nami nikashangaa vijana wadogo wanamwita mzee wa miaka sitini kaka kama wamelingana naye, mpaka nilipoambiwa kwamba kwa Kigujarati kaka ni baba mdogo. Dada nako ni babu, na mama ni mjomba. Kwa hiyo pale dukani ungesikia mtu mwenye masharubu anaitwa Mama, na wajukuu wanamkimbilia babu yao wakipiga kelele "Dada! Dada!" Ilinichukua miezi kuzoea.

Kila asubuhi mlango wa chuma ulipandishwa nusu tu. Anayetaka khanga angoje nje, hata awe amekuja na basi la usiku kutoka Songea. Kaka alivua viatu, akafuta kwa kitambaa picha za miungu yao Ganesh na Lakshmi zilizokuwa juu ya droo ya pesa, akawasha udi wa vijiti, akauzungusha mbele ya picha, kisha juu ya droo, kisha juu ya daftari la madeni. Midomo ilikuwa inacheza muda wote huo, sauti haitoki. Halafu aliketi kwenye kigoda na kuingiza mkono wa kulia ndani ya kifuko cha kitambaa. Wiki nzima niliamini mle ndani anahesabu fedha, kumbe ni tasbihi. Kifuko kile wanakiita gaumukhi, yaani mdomo wa ng'ombe, na kazi yake ni kuificha hesabu isionekane na watu.

Tasbihi yenyewe ina punje 108, na moja ya ziada kubwa kuliko wenzake, inayoitwa meru. Ukiifikia huivuki, unageuza unarudi ulikotoka. Kwa nini 108? Niliwauliza Wahindu watano nikapata majibu sita. Kilichonishika zaidi ni vidole: kidole cha pili hakigusi punje kabisa. Sisi hicho ndicho kidole cha shahada, tunakiinua tukimtaja Mungu mmoja. Wao wanakiweka kando kwa sababu ndicho cha kumnyooshea mtu na kumlaumu, kwa hiyo kina kiburi.

Kulirudiarudia jina au mantra namna hii ndiyo japa, na mtu wa pwani hahitaji tafsiri ndefu: ni uradi. Sheria za Manu, kitabu cha kale cha sheria za Kihindu, zinasema japa ya sauti ni bora mara kumi kuliko ibada ya kafara, ya midomo tu bila sauti mara mia, na ya moyoni mara elfu. Katika Bhagavad Gita, kitabu chao kitakatifu, sura ya 10, mungu Krishna anajieleza kwa kutaja kilicho bora katika kila jamii ya vitu: katika vitu visivyosogea yeye ni Himalaya, na katika sadaka yeye ni japa. Sadaka isiyo na gharama ila pumzi. Ukifikiria wakati ule samli na mifugo vilivyokuwa vinateketezwa kwenye moto wa ibada, utaona kauli hiyo ilimfungulia mlango maskini.

Sasa turudi kwa yule jamaa yangu na suala la maana.

Maana ipo. Gayatri, mantra inayosomwa kuliko nyingi asubuhi na jioni, inatoka Rigveda, mojawapo ya Veda, maandiko ya kale ya Wahindu, kitabu cha tatu, utenzi wa 62, ubeti wa 10. Kwa Kiswahili changu cha kujikongoja inasema: tuutafakari mwanga uliotukuka wa Savitr, naye azisukume akili zetu. Savitr ni jua kama nguvu inayoamsha. Basi. Mtu haombi mali wala mtoto wala adui aanguke, anaomba akili isukumwe. Ina mistari mitatu, silabi nane kwa kila mstari, jumla 24, na anayejua mizani ya tenzi zetu ataelewa mara moja kwa nini silabi hazichezewi.

Lakini maana siyo mlango wa kuingilia. Mlango ni sauti. Nilimwona Kaka akimfundisha mjukuu wake, mtoto wa miaka saba, juu ya robota za vitenge. Mtoto akisema "diyo", babu anakataa. Siyo d kavu, ni d inayotoka na pumzi. Rudia. Siyo hivyo. Rudia. Aliweka kiganja mbele ya mdomo wa mtoto ausikie upepo mwenyewe. Nikamkumbuka mwalimu wetu na henzirani yake, siku nzima anatuhangaisha na ha ya kooni na ha ya kifuani. Kaka hakutumia henzirani, alitumia vipande vya jageri, yaani sukari guru. Hapo nilimwonea wivu yule mtoto.

Katika Veda hata kupanda na kushuka kwa sauti kuna sheria, na wana kisa cha kuwatia watu hofu. Tvashtr, mungu fundi aliyeuawa mwanawe na mungu Indra, alifanya ibada ili azaliwe mtu wa kumwua Indra. Akatamka neno moja, "indrashatru". Ukilikazia mwishoni lina maana ya "mwuaji wa Indra". Ukilikazia mwanzoni linakuwa "ambaye mwuaji wake ni Indra". Tvashtr akakosea mkazo. Akazaliwa Vritra, jitu la kutisha kwelikweli, na Indra akamwua. Huyo ndiye mwana aliyepatikana kwa lafudhi mbovu. Mkazo ungeua hivyo kwetu, kwa kubishana kwetu ni "barabara" ya magari au "barabara" ya sawasawa, tungekuwa tumeshazikana.

Njia waliyobuni kulinda sauti hizo ndiyo inayonitoa kofia. Rigveda ina tenzi 1,028, na kwa karne nyingi ilipita mdomo kwa sikio bila kutegemea karatasi. Mbali na kusoma moja kwa moja, kuna usomaji uitwao ghana, ambapo maneno yanapelekwa mbele na kurudishwa nyuma kwa mpangilio maalumu. Chukua maneno yetu matatu: paka anakula samaki. Kwa ghana utasoma: paka anakula, anakula paka, paka anakula samaki, samaki anakula paka, paka anakula samaki. Halafu unasogea neno moja mbele na kuanza tena. Katikati pale samaki amemla paka, maana imevurugika kabisa, lakini neno halina pa kutorokea. Likidondoka moja, mpangilio wote unagoma na wenzako wanasikia. UNESCO ilitangaza usomaji huu wa Veda kuwa urithi wa binadamu mwaka 2003, ingawa nadhani wasomaji wenyewe hawakuwa wanasubiri cheti.

Kuna upande ambao siupendi, na sitauremba. Kwa muda mrefu sana mlango huo ulifungwa. Gayatri ilikuwa ya kijana wa kiume wa matabaka matatu ya juu, akinong'onezwa siku anavishwa uzi mtakatifu. Mwanamke na Shudra, yaani mtu wa tabaka la nne, la chini, walikaa nje. Ufunguzi ulikuja taratibu, na kwa maoni yangu ulikuja zaidi kwa nyimbo kuliko kwa hoja: Ravidas wa kazi ya ngozi, Mirabai aliyeacha heshima za ikulu amwimbie Krishna, Narsinh Mehta kule Gujarat kwa lugha ya watu wa kwao. Baadaye Arya Samaj, jumuiya ya mageuzi ya Kihindu iliyoanzishwa Bombay mwaka 1875, ikasema wazi kwamba Veda ni za kila mtu, wanawake wakiwemo.

Na yuko Kabir, mfumaji aliyelelewa katika nyumba ya Waislamu, ambaye huwagonga wote bila kuchagua. Ubeti wake mmoja Kaka aliupenda: umezungusha tasbihi enzi na enzi, moyo haujazunguka, iache ya mkononi, izungushe ya moyoni. Aliutoa siku mteja mmoja mcha Mungu sana, tasbihi mkononi, alipojaribu kumpunja fedha. Mteja alikuwa Mwislamu mwenzangu. Nilitazama chini.

Ninachogombana nacho siku hizi ni kitu kingine. Hoteli moja ya ufukweni Zanzibar nilikuta "Om shanti shanti shanti" imeandikwa chooni, juu ya sinki. Mhudumu alidhani ni jina la sabuni. Shanti ni amani, na inatajwa mara tatu kwa sababu taabu zinahesabiwa tatu: inayotoka ndani yako, inayotoka kwa viumbe wengine, na inayotoka juu kwa majaaliwa. Sina haja ya kuwafokea watalii wa yoga, wengine wana nia njema kuliko mimi. Ila neno lililobebwa na midomo miaka yote hiyo kuliweka pale likae bila mdomo, naona ni kulifanya pambo.

Ndiyo maana nilisikitika nilipopita dukani mwezi uliopita. Kaka alishafariki, mwanawe ndiye bosi. Juu ya droo kuna kiboksi cha plastiki kimechomekwa ukutani, kinasoma chenyewe kutwa nzima, kuna kitufe cha kubadilisha mantra. Asubuhi ile kilikuwa kwenye Hanuman Chalisa, beti 40 za kumsifu mungu Hanuman kwa Kiawadhi, lugha ya kaskazini mwa India, zinazotajwa kuwa za mshairi Tulsidas. Bosi alikuwa kwenye simu anabishana na watu wa bandarini.

"Bosi, hii mashine inakuombea au inajiombea?" nikamtania.

"Inanisaidia, ndugu yangu. Muda nitautoa wapi?"

Umeme ukakatika. Feni ikazubaa, kiboksi kikanyamaza katikati ya ubeti. Na nyuma ya robota, kwenye kiti cha plastiki ambacho sikuwa nimekiona, sauti ndogo ya kikongwe ikaendelea palepale. Ni Ba, mjane wa Kaka. Macho yake hayaoni vizuri tena. Alikuwa anasoma muda wote, kiboksi kilimfunika tu. Akafika mwisho, akagusa paji la uso, ndipo akauliza ni nani amesimama pale.

Nikamtajia jina langu.

"Aa, wewe. Kuja, kaa. Chai iko."