Hivi vichanga wa hospitali ya Bugando, Mwanza, nao walikatisha dozi?

Kila ikifika Novemba, ile wiki ya UVIDA, yaani usugu wa vimelea dhidi ya dawa, lawama zinaenda palepale, mwananchi kanunua amoksilini bila cheti, kameza siku mbili, kajisikia freshi, kaacha, ndo maana leo tuna UTI sugu kila kona. Sikatai. Mimi mwenyewe nishawahi kusimama dirishani duka la dawa mtaani nikasema nina buku tu, dada wa watu akachukua mkasi akanikatia vidonge sita, hajauliza naumwa nini na mimi sikuuliza sita zinatibu nini.

Ila kuna kitu kinanifanya nisite kumbebesha mwananchi mzigo wote, nacho ni kazi ya Profesa Stephen Mshana, mtu wa maikrobaiolojia pale CUHAS, chuo kikuu cha afya kilichopo Bugando, Mwanza, ambaye miaka na miaka amekuwa akiwafuatilia bakteria hawa sugu. Mwaka 2009 yeye na wenzake walichapisha utafiti kutoka Bugando, walichukua bakteria 377 wa kundi la gramu hasi (kundi kubwa la bakteria linalotambulika maabara kwa rangi) wakakuta 29% wanatoa kimeng'enya kinachoikata dawa kama seftriaksoni, ile antibayotiki ya sindano, kabla haijafanya kazi, na ukiangalia Klebsiella, aina mojawapo ya hao bakteria, peke yake ni 64%! Halafu kukatokea mlipuko wa maambukizi sugu wodi ya vichanga, na bakteria aliyetolewa kwenye damu za watoto akaja kuonekana ni spishi ambayo sayansi haikuwa na jina lake, 2016 ndo akapewa, Enterobacter bugandensis, ndiyo, Bugando hiyohiyo. (2018 wanasayansi wa NASA wakaripoti ndugu zake kwenye kituo cha anga za juu, mpaka chooni. Wasukuma msijisifu, hakuna aliyesema walipanda kutokea Mwanza.)

Sasa mtoto kazaliwa juzi, dozi gani kaikatisha? Bakteria wa hivi anasafiri kwa mikono, vifaa, chochote kinachotoka kitanda hiki kwenda kile, na vinasaba vya usugu vinakaa kwenye plasmidi, kipande ambacho bakteria mmoja anamgawia mwenzake hata kama sio wa ukoo wake. Ukifunga maduka yote ya dawa ya nchi hii leo, hiyo biashara ya wodini inaendelea.

Wanaotaka maduka yabanwe nao wana hoja nzito, kwa sababu huo usugu haukudondoka kutoka mbinguni. Kila dawa inayomezwa hovyo inaua wanyonge na kuwaachia wababe nafasi. Fleming aliyeigundua penisilini aliliona mapema, kwenye hotuba yake ya Nobel 1945 alitoa mfano wa jamaa anayeumwa koo, anajinunulia penisilini, anakunywa kidogo, anamwambukiza mkewe, na mke ndo anakufa. Ile sehemu ya mke watu huwa wanairuka, aliyecheza na dozi ni mwingine na aliyezikwa ni mwingine.

Lakini kubana ni rahisi kuongea ukiwa mjini. Maduka ya Dawa Muhimu yalianza Ruvuma 2003 kwa sababu vijijini famasi hakuna, na haya yanaruhusiwa antibayotiki chache kwa cheti, sasa mama ana mtoto mwenye nimonia saa nne usiku, cheti anakitoa wapi? Kukosa dawa nako kunaua.

Kwangu mimi shida kubwa iko katikati, maabara. Kuotesha damu kunataka siku mbili tatu. Bakteria akishaota unampaka kwenye sahani ya agari, yaani jeli ya kuoteshea, unapanga juu yake viduara vya karatasi vilivyolowekwa dawa, kesho yake unapima kwa rula dawa imesafisha milimita ngapi, na ukikuta bakteria wameota mpaka wamegusa karatasi ya seftriaksoni ujue hapo imekula kwako. Daktari mwenye mtoto anayehema juujuu hawezi kusubiri hayo yote, anaanza na hiyohiyo seftriaksoni, na simlaumu, maana utafiti wa Muhimbili uliochapishwa 2007 ulionyesha watoto wenye bakteria wa gramu hasi kwenye damu walikufa 43.5%, wa malaria 20.2%. Kwa hiyo hata hospitali nazo zinamwaga antibayotiki kwa kubahatisha, tofauti yao na yule dada wa mkasi ni koti jeupe.

Ndo maana ningeulizwa hela ianzie wapi ningesema maabara na sabuni za wodini, msako wa maduka ufuate. Na hapo bado natembea na swali moja sina pa kulitua, majibu yakirudi yanasema mpe meropenemu, antibayotiki ya akiba na ya bei mbaya, na mzazi ndo yule aliyekuja dirishani na buku.