Sinai imelindwa na mkataba, si vifaru

Kila vita vinapozuka Mashariki ya Kati, wachambuzi wengi hukimbilia kuhesabu vifaru vya Misri na ndege za Israeli, kana kwamba jibu limo humo. Juni 5, 1967, Misri ilikuwa na ndege nyingi, na sehemu kubwa yake iliteketezwa na Israeli viwanjani kabla haijaruka. Oktoba 1973 askari wa Misri walivuka Mfereji wa Suez na kulibomoa tuta la mchanga la Waisraeli kwa pampu za maji, huku makombora ya Kisovieti yakiziweka mbali ndege zilizokuwa zikiogopwa.

Kilichotuliza Sinai, rasi ya Misri inayopakana na Israeli, ni mkataba wa amani ambao nchi hizo mbili zilitia saini mwaka 1979. Karibu na mfereji Misri iliruhusiwa askari wasiozidi 22,000 na vifaru 230. Kadiri ulivyoelekea mashariki silaha zilizoruhusiwa zilipungua, hadi ukanda wa mpakani ambako iliachiwa polisi tu. Israeli nayo ilibanwa: upande wake ilibakiwa na vikosi vinne vya askari wa miguu, bila kifaru hata kimoja. Wakaguzi wa kimataifa wapo huko tangu 1982, na majeshi hayo mawili hayajaingia vitani tena, ingawa manung'uniko hayaishi.

Marekani imechagua njia nyingine. Sheria yake ya mwaka 2008 inaitaka serikali ilinde ubora wa kijeshi wa Israeli dhidi ya majirani, na makubaliano ya 2016 yalitenga dola bilioni 38 kwa miaka 10. Ubora huo haukuzuia shambulio la Hamas la Oktoba 7, 2023, na mauaji ya makumi ya maelfu ya watu Gaza hayajaleta utulivu. Kwa Waarabu pia silaha za kununua hazikutosha: Septemba 2025 Israeli iliipiga Doha, mji mkuu wa Qatar, nchi yenye kambi kubwa ya Marekani.

Ndiyo maana naliona lililofanyika Golan, milima iliyo kati ya Israeli na Syria, kuwa kosa. Makubaliano ya 1974 ya kutenganisha majeshi ya nchi hizo yalidumu nusu karne, lakini Rais Assad wa Syria alipoanguka Desemba 2024, Israeli iliingia katika ukanda uliokuwa chini ya walinzi wa Umoja wa Mataifa. Siku chache baadaye watawala wapya wa Damascus walitangaza kwamba wanayaheshimu makubaliano hayo, na sehemu kubwa ya silaha nzito walizorithi ilikuwa imekwisha kulipuliwa na Israeli yenyewe. Ilikuwa nafasi ya kuwafanya watie saini upya, tena kwa masharti mazuri kuliko yale ya 1974.