Colorado 2023: Je, mechi saba zilitosha kulihukumu benchi la Deion Sanders?

Usiku wa Ijumaa, Oktoba 13, 2023, mjini Boulder, timu ya Chuo Kikuu cha Colorado ilikwenda mapumziko ikiongoza 29–0 dhidi ya Stanford, timu iliyokuwa imeshinda mechi moja tu kati ya tano. Mechi ikaisha 46–43, Stanford wakiwa juu, baada ya vipindi viwili vya nyongeza. Colorado wakabaki na ushindi 4 na vipigo 3, wakaingia wiki yao ya kupumzika, na mabishano yakapamba moto: hili benchi jipya la ufundi la kocha mkuu Deion Sanders linajua kazi, au lilibebwa na kelele?

Kwa aliyezoea soka yetu, huu ni mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mpira wenye ncha mbili, tena wa vyuo vikuu. Msimu wa kawaida una mechi 12 tu, wakati Ligi Kuu ya Tanzania yenye timu 16 ina mechi 30. Ukifika mechi ya sita au ya saba huko, nusu ya msimu imekwisha. Na benchi lenyewe si mtu mmoja. Kocha mkuu ana mratibu wa mashambulizi na mratibu wa ulinzi, ambao kwa kawaida ndio wanaochagua nini kichezwe kila mpira unapowekwa chini. Chini yao kuna kocha wa kila safu. Anayelaumiwa kwenye televisheni ni yule mwenye jina, lakini kosa mara nyingi limelala kwa mwingine.

Sanders alichukua kazi hiyo Desemba 2022 akitokea Jackson State, chuo cha kihistoria cha Weusi huko Mississippi, alikoshinda mechi 27 na kupoteza 6. Aliikuta Colorado imetoka msimu wa ushindi mmoja na vipigo 11. Akafagia nyumba: wachezaji zaidi ya 80 katika kikosi cha 2023 walikuwa wageni chuoni hapo, jambo lililowezekana kwa sababu tangu 2021 mchezaji wa chuo aliruhusiwa kuhama mara moja bila kukaa nje mwaka mzima. Benchi nalo likawa la majina. Sean Lewis aliacha ukocha mkuu wa Kent State aje kuratibu mashambulizi. Charles Kelly alitoka Alabama kuja kushika ulinzi.

Waliomtetea Oktoba ile walikuwa na hoja nzito. Timu ya ushindi mmoja ilikuwa imeshinda nne kabla ya nusu ya Oktoba. Ilianza kwa kuwapiga TCU, chuo cha Texas, 45–42 kwao, TCU waliocheza fainali ya taifa Januari mwaka huohuo, na Shedeur Sanders, mtoto wa kocha, akapata jumla ya yadi 510 kwa pasi zake (yadi moja ni pungufu kidogo ya mita), rekodi ya chuo. Vipigo viwili kati ya vitatu vilitoka kwa Oregon na USC, zote zikiwa miongoni mwa timu kumi bora nchini wakati huo. Travis Hunter, aliyekuwa akicheza ulinzi na mashambulizi kwa pamoja, aliumizwa ini katika mechi ya tatu dhidi ya Colorado State na kukosa mechi tatu. Benchi gani lingepoteza mchezaji wa namna hiyo lisiyumbe?

Wapinzani wake walinyoosha kidole kwenye mechi mbili. Oregon walishinda 42–6, na walikuwa mbele 35–0 wakati wa mapumziko. Hapo pengo halikuwa la bahati. Kisha Stanford: uongozi wa pointi 29 ukayeyuka, Colorado wakiadhibiwa na waamuzi mara 17, na mpokeaji pasi mmoja wa Stanford, Elic Ayomanor, akijizolea yadi 294, nyingi zake baada ya mapumziko. Mtu yuleyule anakuumiza kila unapotazama, nawe hubadilishi namna ya kumkaba? Hilo si suala la vipaji. Kwa kunogesha, kocha wa Stanford, Troy Taylor, naye alikuwa katika msimu wake wa kwanza pale. Kwa hiyo mabenchi mawili mapya yalifanya mtihani mmoja usiku ule.

Hoja ya watetezi ilikuwa na udhaifu ambao hakuna aliyeweza kuuona Oktoba. TCU, ambao kuwafunga kulionekana muujiza, walimaliza msimu na ushindi 5 na vipigo 7. Nebraska, 5 na 7. Colorado State, 5 na 7. Arizona State, 3 na 9. Timu zote nne ambazo Colorado waliziangusha zilimaliza na vipigo vingi kuliko ushindi. Ushindi wa Septemba unapewa thamani kwa sifa za mpinzani za mwaka uliopita, na hizo hazichezi tena. Ndiyo maana mtu anayeniambia kocha fulani mpya ana "ushindi nne" katikati ya msimu bado hajaniambia kitu.

Kipigo nacho kinadanganya. Kocha Nick Saban alipoingia Alabama mwaka 2007, alishinda mechi 6 kati ya 8 za kwanza, ikiwemo ile ya kuwachapa Tennessee 41–17. Ungelipima benchi lake siku hiyo ungelipa alama za juu. Mechi nne zilizofuata akapoteza zote, pamoja na ya nyumbani dhidi ya Louisiana-Monroe, 21–14, kipigo ambacho mashabiki wa Alabama walikiona aibu ya miaka. Ungelipima hapo, ungelifukuza. Mwaka 2008 Alabama hawakupoteza hata mechi moja ya msimu wa kawaida, na 2009 wakawa mabingwa wa taifa.

Lakini mfano wa Saban unatumiwa vibaya mno, hasa na wanaotaka kila kocha apewe miaka mitano ya kufungwa. Kuna mfano wa pili ambao watu wa Nebraska hawapendi kukumbushwa. Scott Frost, mtoto wa nyumbani aliyekuwa kwotabeki, yaani mtupaji pasi, wa timu yao ya ubingwa wa 1997, alirudi 2018 kama kocha mkuu akitoka kuiongoza UCF, chuo cha Florida, kumaliza 2017 bila kipigo, 13 kwa 13. Akapoteza mechi sita za kwanza, jambo ambalo halijawahi kutokea Nebraska. Halafu akashinda nne kati ya sita zilizobaki, na kule Ohio State akafungwa kwa tofauti ya pointi tano tu. Kila mtu akasema benchi limejipata. Msimu wa 2019 ulipoanza, waandishi wa habari wakawaweka nafasi ya 24 nchini. Wakamaliza 5 na 7. Frost alifukuzwa Septemba 2022 akiwa na ushindi 16 na vipigo 31, na chuo kikalipa dola milioni 15 ili aondoke, wakati kusubiri hadi Oktoba 1 kungepunguza deni hilo hadi nusu. Subira iliwagharimu, kisha kukosa subira kukawagharimu tena.

Kilichomtofautisha Frost na Saban hakikuwa kwenye msimamo. Frost alipoteza mechi za karibu kwa namna ileile mwaka baada ya mwaka, kwa teke la kutafuta pointi lililopotea, kwa mpira ulioponyoka, kwa uamuzi wa ajabu dakika za mwisho. Tatizo halikuhama. Hapo ndipo ninapoweka uzito wangu. Katikati ya msimu wa kwanza simuulizi kocha ameshinda mara ngapi. Naangalia tatizo lililoonekana wazi katika mechi ya tatu, kisha nalitafuta katika mechi ya nane. Kama limepungua, benchi linafundisha. Kama lipo vilevile, haijalishi timu imeshinda ngapi.

Kwa Colorado tatizo hilo lilionekana na kila mwenye macho. Kwotabeki ndiye anayepokea mpira na kuutupa, na mbele yake husimama watu watano wakubwa wa kumkinga. Ukuta huo ulikuwa unavuja. Oregon peke yao walimwangusha Shedeur mara saba kabla hajatupa mpira. Wiki ya mapumziko baada ya Stanford ilikuwa nafasi ya kutengeneza: kuzuia kwa watu zaidi, kutupa haraka, kukimbia zaidi na mpira. Mechi iliyofuata, Oktoba 28, UCLA wakawafunga 28–16, na Shedeur akawa chini tena mara baada ya mara. Hadi msimu unaisha aliangushwa mara 52, na mechi ya mwisho hakucheza kwa sababu ya jeraha la mgongo.

Baada ya UCLA, Sanders alimnyang'anya Lewis kazi ya kuchagua mashambulizi na kumpa Pat Shurmur, aliyewahi kuwa kocha mkuu wa timu za kulipwa za Cleveland Browns na New York Giants. Uamuzi huu unaweza kusomwa kwa namna mbili. Mtetezi atasema bosi aliona tatizo na hakuogopa kugusa mtu mwenye jina, na wengi hukaa wakingoja Januari. Inawezekana. Ila mimi sikuukubali wakati ule na bado siukubali. Timu ya Lewis ilikuwa inafunga pointi. Zilikuwa 41 dhidi ya USC na 43 dhidi ya Stanford. Kilichovunjika ni ukuta wa mbele, na ukuta ulijengwa kwa watu waliosajiliwa harakaharaka katika miezi michache, chini ya mpango wa kocha mkuu mwenyewe. Unapombadilisha anayechagua mchezo ilhali wanaozuia ni walewale, umebadilisha wa kulaumiwa tu. Colorado hawakushinda tena. Walimaliza 4 na 8, wakipoteza sita za mwisho, na Lewis akaondoka kwenda kuwa kocha mkuu wa San Diego State.

Haki itendeke, hata hivyo. Vinne kati ya vipigo hivyo sita vilikuwa vya pointi saba au pungufu. Na majira ya baridi yaliyofuata Sanders alifanya kile nilichodhani hatafanya: akaleta kocha mpya wa safu ya mbele, Phil Loadholt, na mratibu mpya wa ulinzi, Robert Livingston, kutoka timu ya kulipwa ya Cincinnati Bengals. Mwaka 2024 Colorado walishinda 9 na kupoteza 4, Hunter akatwaa tuzo ya Heisman, ile ya mchezaji bora wa vyuo. Aliyesema Oktoba 2023 kwamba benchi lile halitoshi alikuwa sahihi, maana nusu yake haikuwepo mwaka uliofuata. Aliyesema kocha mkuu apewe muda naye alikuwa sahihi. Walikuwa wanabishana juu ya vitu viwili tofauti wakidhani ni kimoja.

Indiana ya 2024 inafaa kutajwa kwa sababu hiyo. Curt Cignetti alihamia huko kutoka James Madison akiwa na waratibu wake wote wawili na kundi la wachezaji aliowafundisha. Nusu ya msimu alikuwa 6 kwa 6, na wenye shaka walisema ratiba ni laini. Ohio State walipowafunga Indiana 38–15, wenye shaka hao walijiona wameshinda hoja. Msimu uliofuata Indiana wakawafunga haohao Ohio State 13–10 kwenye fainali ya Big Ten, ligi ya vyuo wanayoshiriki, kisha wakachukua ubingwa wa taifa. Benchi lililofanya kazi pamoja miaka kadhaa unaweza kulihukumu mapema zaidi, maana lina historia. Benchi lililokusanywa kwa majina makubwa katika miezi miwili halina, na Oktoba yake ya kwanza ni kama mahojiano ya kazi yanayofanyika hadharani.

Vyuo vyenyewe havina anasa ya kusubiri. Wanafunzi wa sekondari husaini Desemba, dirisha la uhamisho hufunguka punde baada ya hapo, na mkurugenzi wa michezo asiyekuwa na jibu Novemba atawapoteza wachezaji kabla hajampoteza kocha.

Colorado ya 2025, Shedeur na Hunter wakiwa wamekwenda NFL, ligi ya kulipwa, ilifungwa 53–7 na Utah, wiki iliyofuata 52–17 na Arizona, na ikamaliza 3 na 9. Katikati ya Novemba mwaka huo kazi ya kuchagua mashambulizi ilikuwa imeshahamishiwa kwa mtu mwingine. Safari hii aliyenyang'anywa alikuwa Shurmur.