Redio ya mtandaoni na bando la msikilizaji

Anayetaka kufungua redio ya mtandaoni siku hizi hupewa ushauri ule ule: lipia huduma ya kampuni, wakutayarishie kila kitu, wewe kazi yako iwe kuongea. Si ushauri mbaya. Ila umerudiwa mno, hata njia ya pili, ya kusimamisha seva yako (kompyuta inayorusha matangazo kwa wasikilizaji) kwa programu huria kama Icecast, Liquidsoap au AzuraCast, inaonekana ni shughuli ya mafundi wasio na hela. Hapo ndipo watu wanapokosea, na gharama ya kosa hilo inamwangukia msikilizaji.

Twende kwenye hesabu. Vituo vingi hurusha MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde kwa sababu ndiyo waliyoikuta imewekwa. Gawa kwa 8, maana baiti moja ni biti 8, unapata kilobaiti 16 kila sekunde. Zidisha kwa sekunde 3,600 za saa moja: megabaiti 57.6. Anayefuatilia kipindi cha asubuhi chenye urefu wa saa 3 ameshamaliza karibu megabaiti 173 kabla hajafungua hata ujumbe mmoja wa WhatsApp. Siku 5 za kazi, megabaiti 864. Huyo ni mama lishe, ni kijana wa bodaboda, ni fundi cherehani anayejiunga bando la siku kwa siku. Redio ya FM haijawahi kumdai kitu kwa kila saa anayosikiliza. Yako inamdai, na akiona bando linakatika haraka hatakupigia simu kulalamika. Atazima tu.

Sasa teremsha hadi kilobiti 32 kwa AAC+, mfumo wa kubana sauti ulio mpya kuliko MP3. Saa moja inakuwa megabaiti 14.4, zile saa 3 za asubuhi ni 43, na wiki nzima ya kazi ni 216. Ni robo ya gharama. Je, sauti inaharibika? Muziki unapoteza kiasi, hasa vile vyuma vyembamba vya ngoma na mwangwi wa studio. Mazungumzo, taarifa ya habari, mawaidha na kipindi cha afya husikika vizuri. Kwenye spika ya simu ndani ya daladala, tofauti hiyo wengi hawaisikii kabisa. Opus, mfumo mwingine wa kubana sauti uliopitishwa kuwa kiwango cha intaneti mwaka 2012, inatunza sauti ya mtu hata kwenye kilobiti 24, ingawa iPhone za zamani hukataa kuifungua ikija ndani ya Ogg, aina ya faili inayoibeba. Kwa hiyo huwezi kuitegemea peke yake.

Na hapa ndipo uchaguzi wa programu unapokuwa na uzito. Icecast inakuruhusu kuwa na milango kadhaa ya matangazo, yaani viungo tofauti vya kusikiliza, kwenye seva moja. Liquidsoap inapokea sauti moja kutoka studio na kuitoa kwa viwango viwili au vitatu papo hapo: kilobiti 128 kwa mwenye Wi-Fi, 32 kwa mwenye bando. AzuraCast imezifunga hizo mbili pamoja na kuziwekea kurasa za kubofya, hivyo huhitaji kuandika msimbo. Kwenye huduma nyingi za bei nafuu unauziwa mlango mmoja kwa kiwango kimoja. Ukitaka wa pili, unapanda kifurushi. Zipo zinazotoa zaidi, lakini bei yake kituo kidogo hakiiwezi kwa urahisi.

Wanaotetea huduma za kukodi wana hoja nzito, tena sizipuuzi. Seva ikigoma saa nane usiku, kampuni ina mtu wa kuiamsha. Wewe una usingizi. Programu zinataka kusasishwa, nywila kulindwa, nakala za akiba kuwekwa. Kituo kisicho na hata kijana mmoja anayependa mambo haya kitateseka. Lakini ile hofu kwamba umeme ukikatika studio matangazo nayo yanakatika ina kasoro: wengi wanadhani seva yako ni kompyuta iliyo chini ya meza ya studio. Sivyo. Unakodi seva kwenye kituo cha data, orodha ya nyimbo na vipindi vilivyorekodiwa vinakaa huko, na LUKU ikiisha studio, matangazo yanaendelea.

Hoja ya kwamba kampuni kubwa ni salama zaidi nayo ina historia yake. SHOUTcast, programu ya kurusha redio mtandaoni, ilianzishwa na kampuni ya Nullsoft mwaka 1998, ikanunuliwa na AOL, kampuni kubwa ya intaneti ya Marekani, mwaka uliofuata, na mwishoni mwa 2013 AOL ikatangaza kuifunga. Iliokolewa Januari 2014 baada ya kuuzwa kwa Radionomy, kampuni ya redio za mtandaoni. Live365 ya Marekani, iliyobeba maelfu ya vituo vidogo, ilizima mitambo mwanzoni mwa 2016 baada ya unafuu wa ada za muziki kwa watangazaji wadogo kwisha, ilirudi 2017. Ada hizo zingemfuata hata mwenye seva yake, hilo ni kweli. Ila yeye angebaki na anwani yake na mafaili yake.

Anwani si jambo dogo. Kituo kimoja nilichokisaidia kilihamishwa na kampuni kwenda seva nyingine bila taarifa, na kiungo kikabadilika. Watu waliokuwa wamekihifadhi kwenye simu walikutana na ukimya, na wengine hadi leo wanaamini redio ile ilikufa.

Programu za studio hazinisumbui sana. BUTT, Mixxx na RadioDJ ni za bure, na BUTT na Mixxx zinatuma sauti kwenye seva za Icecast na za SHOUTcast. Leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa redio ya mtandaoni hapa Tanzania, na haki za muziki, vinakuhusu njia yoyote utakayopita.

Kituo chenye kijana mmoja wa kushika mitambo nakishauri kianze na AzuraCast. Kisicho naye kikodi huduma, ila kabla ya kulipa kiulize kama kinaweza kupata mlango wa pili wa kilobiti 32. Vyote viwili vinunue jina la tovuti siku ya kwanza, na kiungo wanachopewa wasikilizaji kiwe cha jina hilo, ili seva ikihama kiungo kielekezwe upya bila msikilizaji kugusa simu yake.