Shemeji, Jumamosi Kuna Deki

Nilikuwa na wiki tatu tu Marekani, nimefikia kwa dada yangu huko Maryland, nalala chumba cha chini, nakula bila kuchangia hata chumvi. Usiku mmoja shemeji akabisha hodi. "Shemeji, Jumamosi kuna deki. Utanisaidia?"

Kwa mtu aliyesoma shule ya msingi ya serikali pale Tanga, hilo si swali. Kuanzia darasa la tatu mimi nimepiga deki: ndoo ya maji, dekio la gunia, unaanzia ubaoni unarudi kinyumenyume mpaka mlangoni, na ole wako ukanyage ulikokwisha kupita. Kiranja wa usafi anakurudisha mwanzo. Darasa la sita kiranja mwenyewe nikawa mimi.

"Deki ngapi?" nikamuuliza.

"Moja. Lakini kubwa."

"Moja tu? Hiyo saa moja nimeshamaliza, shemeji."

Akanitazama kwa heshima ambayo sikuwahi kuipata katika nyumba ile. Baadaye niliambiwa kwamba yeye alikuwa amepanga siku tatu.

Jumamosi alfajiri nikatoka nimekunja suruali hadi magotini, kandambili mguuni. Shemeji akaiangalia miguu yangu, akaingia ndani, akaniletea buti zake za zamani. Nikaona ni mambo ya Wazungu tu, mtu anadeki na buti. Kwenye pikapu hakukuwa na ndoo ya maana wala dekio. Kulikuwa na mashine ya petroli yenye magurudumu mawili, mpira mrefu wa maji, kitu kama bunduki, na madebe. Nikanyamaza. Mgeni hasemi alichokikosa.

Kumbe deki ya huko ni baraza. Baraza la mbao nyuma ya nyumba, limeinuliwa juu ya nguzo. Hili letu lilikuwa juu kiasi cha mita tatu kutoka chini, na ngazi zake upande wa bustani. Mbao zake zilikuwa za kijivu kama jivu la mkaa, kwa miaka ya jua, mvua na theluji. Shemeji akaniambia ni mwerezi. Mimi mierezi niliyowahi kuisikia ni ile ya Lebanoni, ya kujengea mahekalu, na hapa watu wanaichomea nyama juu yake. Kazi yetu: kuiosha, kuiacha ikauke, kuipaka mafuta yenye rangi.

Sasa hapa lazima niwaeleze jambo moja kuhusu shemeji. Shemeji ni Yanga. Sisemi anaipenda Yanga. Nasema ni Yanga. Siku ya kuleta posa alivaa tai ya kijani na njano, na baba yangu, mtu wa Simba tangu ujana, alitoka nje mara mbili kupunga upepo kabla ya kuipokea. Baba hajaisahau ile tai mpaka leo.

Basi shemeji akafungua kiboksi. Ndani mna ncha tano ndogo za kuchomeka mbele ya bunduki ya maji, kila moja na rangi yake: nyekundu, njano, kijani, nyeupe, nyeusi. Mtu aliyekulia Tanzania ukimwonesha rangi hizo tano kwa mpigo haoni vifaa vya kazi. Anaona dakika ya themanini na nane, bao moja kwa moja, na mtu kaanguka kwenye boksi.

"Weka hii ya kijani," akasema. "Nyekundu usiiguse. Nakuomba, shemeji, nyekundu usiiguse kabisa."

Nikacheka. Utani wa jadi umefika mpaka Maryland! Akaanza kueleza mambo ya nyuzi, sijui ishirini na tano, sijui arobaini, mimi nimeshaacha kusikiliza. Kisha akawasha gari akaenda kuchukua mafuta ya mbao dukani, na mwenye nyumba naye hayupo, amekwenda kwa wajukuu tangu jana yake. Nikabaki mimi, mashine na kiboksi.

Nikachomeka nyekundu.

Niwe mkweli, sijawahi kushika kitu kitamu kama kile. Ulitoka uzi wa maji mwembamba, umenyooka kama kamba ya fundi, na ulipogusa ubao, kijivu chote kikakimbia. Chini yake ikatokea rangi ya chungwa, mbichi, kama imekatwa jana. Nikapiga mstari mmoja. Nikapiga wa pili umepinda. Ule uliopinda ulikuwa na dalili ya S.

Mnajua kilichofuata. Nilijiambia naandika kidogo tu, halafu nitaosha eneo lote na maandishi yatapotea, kama mtoto anayeandika kwenye vumbi la gari la mwalimu. Kila herufi ilichukua upana wa mbao tatu. Nilipofika kwenye B nilianza kuhisi vijiti vidogo vikinipiga usoni, nikadhani ni uchafu. Nikamalizia A kwa madaha, nikazima mashine, nikarudi nyuma kuitazama kazi ya mikono yangu.

SIMBA.

Halafu maji yakachuruzika yakaisha, nikaona herufi zina kivuli. Nikachuchumaa, nikaingiza kidole kwenye S. Kucha yote ikazama.

Hapo ndipo nikaikumbuka kijani. Nikaichomeka haraka haraka, nikasogeza bunduki karibu kabisa na ubao ili kuzisawazisha herufi, na mwerezi, badala ya kusawazika, ukaota manyoya. Simaanishi mfano. Nyuzi za mbao zilisimama, laini laini, kama blanketi la mtumba. Sasa nilikuwa na SIMBA yenye manyoya pembeni.

Shemeji aliporudi alipanda ngazi na debe mkononi, akasimama. Hakulitua lile debe kwa muda mrefu.

"Shemeji," akasema.

"Naam, shemeji."

"Umeandika."

"Nilikuwa nifute."

"Umeandika *hiyo*."

Kwetu huwezi kumfokea kaka wa mkeo, na shemeji amelelewa vizuri. Kwa hiyo alinipa somo la fizikia kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayeongea msibani. Kwamba mashine ile ikifunguliwa yote ni pauni 3,000 kwa inchi ya mraba, wakati tairi ya gari dogo unaijaza thelathini na kitu. Kwamba zile rangi si za klabu, ni upana wa maji: nyekundu ni nyuzi 0, maji yote yanapiga nukta moja; njano 15, kijani 25, nyeupe 40, na nyeusi ni ya sabuni. Kwamba nyekundu inapasua ngozi ya mguu, ndiyo maana ya buti. Kwamba mwerezi ni mti laini, unaukwaruza kwa kucha, na unaoshwa kwa pauni 500 au 600 tu, umbali wa futi moja, mkono unatembea muda wote, na kifyatulio unakibonyeza bunduki ikiwa bado hewani ndipo unashuka nayo taratibu, kama ndege inavyotua. Na kwamba kazi kubwa wala si ya mashine. Ni ya ule unga mweupe wa kuchanganya na maji, unaotoa povu na kuulegeza uchafu, halafu asidi ya oksaliki ya kuurudishia ubao rangi yake. Maji ni ya kusuuza.

"Sasa hayo yote," nikamuuliza kwa unyenyekevu, "si ungeanza nayo?"

Akafumba macho.

Tuliosha sehemu iliyobaki kama alivyosema, na ikawa nzuri. Manyoya tuliyaondoa kwa msasa baada ya mbao kukauka kidogo, namba 60 kisha 80, na akanikataza kupita hapo, kwa sababu ubao ukiwa laini mno unakataa kunywa mafuta. Lakini herufi ziligoma. Msasa ulizizungushia kingo tu, zikazidi kupendeza. Akafikiria kuzing'oa zile mbao tatu na kuzigeuza, upande wa chini uje juu, ujanja ambao mafundi wanautumia sana. Akainama kuangalia: zimepigwa misumari, si skrubu, na misumari imeshika kutu. Ukivuta unapasua. Akatoa simu, akapiga hesabu ya mbao mpya. Akairudisha simu mfukoni bila kuniambia jibu.

Jumapili jioni tukaenda kuomba radhi. Mwenye nyumba alikuwa bibi mmoja, mwalimu mstaafu, mpole. Shemeji alikuwa ameifanyia mazoezi hotuba yake njia nzima, kwa Kiingereza cha msamaha, mimi nimebeba mikono nyuma kama mshtakiwa. Bibi akafungua mlango wa kioo, akatoka barazani, akaona. Akasoma taratibu, kidole hewani:

"Sim-ba."

Akashika kifua. Shemeji akafungua mdomo. Bibi akamwahi:

"Mmejuaje?"

Na nyuma yake, kwenye kioo, likatokea paka kubwa la rangi ya chungwa, lenye shingo ya manyoya, likakaa kitako likitutazama kama mwenye hati ya nyumba.

Sikusema kitu. Kiingereza changu siku zile kilikuwa cha kunyamaza. Shemeji naye ile hotuba ilimkauka kooni, akabaki anatikisa kichwa tu, na bibi akautafsiri ule mtikisiko kuwa ni unyenyekevu. Akasema ana miaka kumi na mmoja na paka yule na hakuna fundi aliyewahi kumfikiria. Akauliza kama zile herufi tunaweza kuzitia rangi iliyokolea zaidi, zisomeke vizuri. Ataongeza pesa.

Tukarudi kwenye gari. Shemeji akakaa na usukani bila kuwasha.

"Atapaka nani?" nikauliza.

"Wewe hutashika tena herufi ya mtu," akasema.

Jumanne jua likawa la wastani, mbao zimekaukiana. Shemeji akadondosha matone ya maji juu ya ubao. Yakanywewa mara moja. Yangesimama kama umande, tungesubiri. Kisha akanipa onyo la matambara: yakishalowa mafuta ya mbao usiyakunje ukayatupa pamoja, yatandaze nje moja moja au yazamishe kwenye ndoo ya maji, kwa sababu mafuta yale yakikauka yanatoa joto, na lundo linaweza kuwaka lenyewe. Mimi natoka Tanga, na mnajua Tanga tunavyosemwa kwa mambo ya usiku, lakini tambara la kujiwasha lenyewe sikuwahi kulisikia hata kwetu. Ila nilikwisha kujifunza. Nikayatandaza kwenye majani kama nguo za mtoto mchanga, na kila nikipita nayagusa.

"Na ukianza ubao," akaendelea, "unaenda nao mwisho hadi mwisho, mbili au tatu kwa pamoja. Usiishie katikati. Ukiishia katikati yakakauka, panabaki baka la kuunganishia, halitoki."

Akavua kofia, akapiga magoti katikati ya baraza, na burashi ndogo, kama ya kupaka madirisha. Mwana Jangwani, kilo mia na ushee, anazitia Wekundu wa Msimbazi rangi, herufi kwa herufi. Akiivuka mistari anafuta kwa tambara na kurudia. Mikono yake ni ya fundi kweli. Hata kwa adui hawezi kufanya kazi mbaya. Nilitamani kupiga picha, nikamheshimu dada yangu.

Mimi nikaanzia upande wa ngazi. Na hapa ujuzi wangu wa Tanga ukafufuka. Mbao tatu, mwisho hadi mwisho, napaka, nafuta ziada, narudi nyuma. Tatu nyingine. Kinyumenyume kuelekea mlangoni, bila kukanyaga nilikopita. Zile tatu za shemeji nikaziruka kwa adabu, nisimsumbue, nikaendelea upande wa pili. Kiranja wa usafi angenipa daftari la zawadi. Nikapaka mpaka kizingiti cha mlango wa kioo, nikavua buti, nikaingia ndani kwa bibi, nikageuka kuitazama kazi.

Mbao zote zinang'aa. Nyekundu ya mwerezi, bibi mwenyewe ndiye aliyeichagua. Na katikati, kwenye kijia chenye upana wa mbao tatu, shemeji ndio kwanza anamalizia mkia wa A. Mafuta mabichi mbele yake mpaka ngazini. Mafuta mabichi nyuma yake mpaka mlangoni. Kulia ukingo na mita tatu za kuanguka, kushoto vivyo hivyo.

Akainua kichwa. Akatazama mbele, akatazama nyuma, akanitazama mimi.

"Shemeji."

"Naam."

"Hukuniona?"

"Nilikuona. Ulisema nisiishie katikati ya ubao."

Mafuta yale yanataka siku nzima kabla mtu hajakanyaga. Bibi akapendekeza kumrushia sandwichi. Paka likaja likakaa kwenye kizingiti, miguu ya mbele imebanwa pamoja, likimtazama aliyesimama juu ya jina lake. Mwisho shemeji akavua buti, kwa sababu soli zake zingeacha alama kama za tairi, akazitupa bustanini, akaanza kuja kwa soksi, vidole tu, mikono imetanuliwa, huku mimi nikimfuata kutokea mlangoni na burashi ya mti mrefu nikifuta kila nyayo anayoiacha. Hatua saba. Tulizihesabu kwa sauti, watu watatu.

Jioni, nyumbani, alisahau. Akavua viatu sebuleni, akaweka miguu juu ya stuli. Soksi nyeupe pee, nyayo nyekundu damu. Dada hakuuliza chochote. Alichukua simu, akapiga picha, ikaenda kwenye kundi la familia.

Baba alijibu kwa sauti, sekunde nne tu, nyuma yake jogoo wa asubuhi ya Tanga wanasikika:

"Mwambieni mkwe, ile posa sasa nimeipokea."